Jirani Aliyetokea Kwenye Kompyuta

Miaka ile ya soko huria, kompyuta zilipoanza kuingia chuoni kwetu Morogoro, nilikuwa mkutubi kijana. Kwa kuwa nilishapitia kozi Dar es Salaam, nikapewa kazi ya kuwafundisha waliokuwa walimu wangu programu ya kuwaunganisha watafiti wa vyuo mbalimbali. Kila mmoja alitakiwa kufungua ukurasa wake, aeleze anachotafiti, kisha awatafute wenye kazi inayokaribiana na yake.

Aliyenisumbua kuliko wote, na niliyempenda kuliko wote, alikuwa mhadhiri wa udongo aliyekaribia kustaafu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa mbele ya kompyuta mikono mapajani kama mtu aliye sebuleni kwa wakwe. Mausi aliizoea upesi. Kilichomshinda ni ule ukurasa. Kila sentensi iliyomtaja yeye aliifuta. Nilipomwomba ataje mafanikio yake, alinitazama kwa huruma.

"Binti, hayo watayasema wengine. Mtu hajitangazi kama sabuni."

Nikamwambia basi anisimulie tu Mgeta, kule milimani alikofanyia utafiti wake, mimi nitachapa. Hapo akafunguka. Alieleza udongo unavyoteremka wakati wa masika, na jinsi mashamba ya viazi yalivyozidi kupanda mlimani tangu malori ya wafanyabiashara yaongezeke. Aliposoma nilichoandika, akaridhika kwamba hakukuwa na majigambo.

Kisha nikamfundisha kutafuta. Akachapa viazi, akachapa Mgeta, tukangoja, maana mtandao wa siku hizo ulipitia waya wa simu na ulijivuta. Nilitegemea atokee mtu wa Ulaya. Likatokea jina moja tu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ni jirani yangu," alisema taratibu.

Mama huyo alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Nyumba zao kule Mafiga zilitenganishwa na ua wa michongoma, na ofisi zao hazikuwa mbali. Miaka yote hiyo walikuwa wakizungumzia mgawo wa maji, watoto na michango ya harusi. Mzee alifuatilia udongo unaosombwa na mvua. Jirani yake alifuatilia ugonjwa wa mnyauko, ambao husafiri na udongo huohuo.

Nilikuwa nimemwandalia somo la kutuma ujumbe. Hakulingoja. Alichukua kofia yake akaenda ofisini kwa jirani, nami nikamfuata nyuma. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika meza.

"Kumbe yale matope kwenye gari lako ni ya Mgeta? Mimi nilidhani unalima."

Msimu huohuo walipanda mlimani pamoja, wakanichukua niwasaidie kuandika. Mkulima mmoja mwanamke, aliyewahi kutembelewa na kila mmoja wao kwa wakati wake, alitukaribisha kwa furaha kubwa. Kwa muda mrefu, alisema, alidhani ni mke na mume waliokosana, kwa vile kila mmoja alikuja peke yake na kuuliza habari za shamba lilelile. Alitupikia viazi na kuwapongeza kwa kupatana. Hakuna aliyemsahihisha.

Walifanya kazi pamoja mpaka mzee alipostaafu. Kwenye taarifa ya mafunzo niliandika kwamba programu imewakutanisha watafiti wawili. Umbali sikuutaja.