Kipandio

Hapa gereji kunanuka mpira wa matairi mapya ya kashata, yale ya meno makubwa ya matopeni, na harufu hiyo hunirudisha uani kwetu, Sumbawanga. Baba alikuwa akiliandaa gari lake kwa njia mbovu ya kushuka Mtowisa. Aliongeza springi, akabadilisha shokapu, akafunga ngao ya chuma mbele. Gari likanyanyuka, na kipandio cha mlangoni kikawa juu ya kiuno changu.

"Na mimi nitapandaje?" nikauliza.

"Siku ukikifikia mwenyewe, mwanangu, tutashuka wote."

Nilishaona magunia ya ulezi yakiliinamisha gari. Basi asubuhi ya safari nikarusha mawe ndani ya gari, kule nyuma, moja moja, mpaka viganja vikachubuka. Halikushuka hata kidogo. Baba aliyakuta, wala hakunigombeza. Aliyatoa yote, akayapanga kando ya ukuta.

"Bado kidogo," akasema, akawasha gari.

Mawe yale yapo pale pale ukutani mpaka leo.

Gari langu, hapa mbele, nalo limenyanyuliwa. Nimeinua mguu, kipandio nimekifikia bila taabu.

"Dada," fundi ameniuliza, "unamsubiri dereva?"