Mifupa Kwenye Kinu

Ng'ombe wangu alipita katikati ya mkutano wa kijiji akiwa na mfupa mdomoni. Ulikuwa mfupa wa goti, mweupe, mkavu, uliolala porini tangu masika ya mwaka mwingine. Aliutafuna taratibu huku mate yakimchuruzika, kama mzee na ugoro wake. Akasimama mbele ya meza ya mwenyekiti, akamkodolea macho, akaendelea kutafuna.

Mtu mmoja akasema, "Huyu si ng'ombe, ni fisi mwenye pembe." Wakacheka hadi wengine wakajishika mbavu. Mimi sikucheka. Nilijua ng'ombe wangu ana mimba, nilijua amekonda, na nilijua mwenyekiti anamtafutia sababu.

Mwenyekiti huyo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipofariki, yeye na ndugu zake waligawana ng'ombe wote hata mkeka wa matanga haujakunjwa. Mimi waliniachia mtamba mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, kwa kuwa siku ile alikuwa anaharisha na wao wakadhani hatafika jioni. Akafika jioni. Akafika na mwaka wa pili, akashika mimba. Nilikuwa na watoto wanne wanaokula ugali kwa mlenda mpaka ulimi unateleza wenyewe, na maziwa ya huyo mtamba ndiyo niliyokuwa nimewaahidi. Tangu hapo shemeji akawa anamtazama ng'ombe wangu kama mtu aliyesahau mwavuli wake nyumbani kwa mwenziwe.

Hayo yote ni baada ya operesheni ya vijiji. Kwanza tulikaa upande wa Igunga, kwenye mbuga ya udongo mweusi, na pembeni palikuwa na bonde lenye udongo mweupe wa chumvi. Ng'ombe walikwenda wenyewe kuulamba, wala hawakuhitaji kuswagwa. Kisha malori yakaja, tukahamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Sina ugomvi na shule wala zahanati tuliyoikuta huko. Mimi baba alikataa kunipeleka shule, akisema shule ni ya watoto wa watemi, lakini kijijini hapo nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, tumekaa kwenye magunia ya ghala. Ila yule aliyechagua mahali pale aliitazama barabara, hakuutazama udongo. Kilikuwa kichanga kitupu. Majani ya kichanga ni kama uji wa maji, tumbo linajaa, mwili haupati kitu.

Kiangazi kimoja tu, ng'ombe wakaanza kutembea kama watu waliovaa viatu vya kuazima. Wakala nguo kambani. Wakalamba ukuta wa choo. Wakaanza mifupa. Na wenye mimba na wenye kunyonyesha ndio walikuwa wa kwanza, jambo ambalo mwanamke yeyote aliyewahi kuzaa angelielewa bila kuambiwa, lakini kwenye meza ile ya mkutano hakuwapo mwanamke.

Shemeji akagonga meza. "Ndugu zangu, ng'ombe mwenye wazimu ataambukiza wengine. Mwezi wa pili kutoka sasa tuna mgeni kutoka wilayani. Ng'ombe huyu achinjwe siku hiyo, tule wote. Huo ndio ujamaa."

Nikasimama. "Shemeji, mbona ujamaa wako kila siku unaanzia zizini kwangu? Wewe una ng'ombe kumi na wawili, na mmoja wao jana kala shuka la mkeo. Au shuka si wazimu?"

Wakacheka tena, safari hii wakimtazama yeye. Hakunisamehe. Akaandika kwenye kitabu chake kuwa mgeni atakula ng'ombe mwekundu, akakifunga.

Wakamwita bwana mifugo. Akaja na baiskeli, kijana msafi, soksi nyeupe hadi magotini, kwenye vumbi lile! Nitasema ukweli, alikuwa na adabu. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Akatukusanya mbele ya ubao wa shule akachora ng'ombe, na ndani ya ng'ombe akachora matumbo manne. Akafundisha kwamba chakula kina wanga, kina protini, kina mafuta, na ng'ombe akikonda maana yake amepungukiwa.

"Mama, mpe pumba. Debe zima asubuhi, debe zima jioni. Ukipata mahindi, changanya."

"Debe zima tangu siku ya kwanza?"

"Tangu kesho. Ni ufugaji wa kisasa."

"Mwanangu, umewahi kupika pombe?"

"Sijawahi, mama."

"Umewahi kupasua tumbo la ng'ombe?"

"Nimelisoma."

Amelisoma! Mimi nimeyaosha matumbo hayo manne tangu sijaota matiti. Lipo la kwanza, kubwa kama gunia, lenye manyoya kama taulo. Lipo lenye vishimo kama sega la nyuki. Lipo lenye kurasa kurasa kama msahafu, ambalo usipolifunua ukurasa kwa ukurasa utakula mchanga. Na la mwisho ni laini, linafanana na la mtu. Sasa lile la kwanza ni chungu cha pombe. Ng'ombe hayeyushi majani yeye mwenyewe, majani yanachachuka mle ndani, kisha anayarudisha mdomoni, anayasaga upya, anayashusha. Ndiyo maana ukimwona anacheua kivulini usimwite mvivu, yuko kazini kuliko wewe. Na chungu cha pombe hukimwagii unga debe zima kwa mkupuo. Ukikimwagia kinachemka, kinakuwa kikali, kinafurika. Kwenye ng'ombe hicho kinachofurika kinatokea wapi? Hakitokei. Anavimba ubavu wa kushoto, analala, anakufa, na wewe na soksi zako unapanda baiskeli.

Nilimwambia hayo mbele ya watu. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Shemeji akasema, "Bwana mifugo, usimsikilize. Huyu ni mpika pombe."

"Na wewe ni mnywaji," nikamwambia, "ndiyo maana hujui inatengenezwaje."

Ugonjwa wenyewe niliujua kwa babu mzaa mama. Alikuwa mpagazi kwenye njia ya zamani, akibeba chumvi kutoka Uvinza hadi Tabora mjini, na bega lake la kulia lilikuwa na nundu hadi anaingia kaburini. Alisema kila walipopita vijijini ng'ombe waliacha malisho wakawafuata wapagazi, wakiwalamba migongo. Na akasema, "Ng'ombe hatafuni mfupa kwa ujinga. Anautafuta mfupa wake." Nilikuja kuyaelewa maneno hayo nilipomtazama mwekundu wangu tumbo linakua na mgongo unachongoka. Ndama tumboni anajenga mifupa. Matofali anayatoa wapi? Anaibomoa nyumba ya mama yake.

Basi mwanzoni na mimi nilifanya upumbavu wangu, sitawasema wenzangu peke yao. Nilimwachia atafune porini apendavyo, nikidhani atajitibu. Hadi ng'ombe wa jirani alipotafuna mfupa uliobaki na nyama iliyooza. Siku iliyofuata miguu ikalegea kama kamba mbichi, ulimi ukatoka nje haurudi, na siku ya tatu akafa macho wazi. Nikamfunga wangu siku hiyohiyo.

Tulianza kuokota, mimi na huyo jirani aliyefiwa na ng'ombe wake. Tulijaza magunia mawili. Tukatandika kuni chini na mavi makavu ya ng'ombe juu, tukaichoma mifupa kutwa, tukailaza kwenye makaa, tukaichoma tena, mpaka ikawa myeupe ndani na nje na ukiiminya kwa vidole inakatika kama chaki. Harufu yake, nisikudanganye, ilikuwa mbaya. Upepo uliipeleka ofisini kwa mwenyekiti, na hilo sikulipanga lakini sikulijutia.

Akaja, kitambaa puani. "Shemeji, watu wanauliza unachoma mifupa ya nani."

Nilijua anaelekea wapi. Kwetu neno kama hilo limewaua wanawake. Nikasema kwa sauti ili majirani wote wasikie: "Waambie ni ya ng'ombe wa kaka yako, wale mliokula bila kuniita hata ninawe mikono."

Akaenda zake.

Tukatwanga. Mfupa uliochomwa ukitwangwa unatoa vumbi linaloingia kooni, tukafunga khanga usoni tukaonekana kama majambazi. Tukachekecha unga wake, tukauchanganya na chumvi, kwa sababu bila chumvi ng'ombe anaugeuzia pua. Kiganja kimoja kila asubuhi, juu ya jiwe bapa. Majani yalikuwa yaleyale. Pumba nilimpa, ndiyo, lakini kwa kuanzia na kikombe na kupanda polepole, chungu kizoee. Kila jioni niliweka ngumi ubavuni kwake, upande wa kushoto, nikingoja. Mwanzoni tumbo lilikaa kimya kama nyumba ya mgane. Baadaye likaanza kugeuka, zito, kama mtu anayejigeuza kitandani. Wiki ya tano nilimpeleka malishoni, akapita juu ya ubavu mzima wa punda aliyekufa, akauruka kama kijiti. Nikakaa chini palepale kwenye majani nikalia, na sijali nani anasoma haya.

Mgeni akaja. Kisu kilikuwa kimenolewa. Lakini shemeji alipomwona ng'ombe wangu anang'aa, nyonga zimefunikwa nyama, akapata akili mpya, na akili mpya ya mtu wa namna ile ni ya kuogopa kuliko ya zamani. Alimweka bwana mifugo kulia kwake. Mbele yao palikuwa na rundo la mifuko iliyoshushwa na lori jana yake, ili mgeni aigawe kwa mkono wake.

"Ndugu mgeni," akasema, "ng'ombe huyu unayemwona alikuwa mwendawazimu. Akatibiwa kwa dawa hii ya kisasa, iliyoletwa na bwana mifugo kwa juhudi za uongozi wa kijiji. Na leo, kwa heshima yako, tunamchinja."

Nilitoka kwenye mstari wa wanawake. Mgambo mmoja alininyooshea mkono, nikamtazama, akaukunja. Nikafika kwenye mifuko, nikainama, nikaweka kidole kwenye maandishi kama tulivyofundishwa, nikasoma kwa sauti, silabi kwa silabi.

"Chu-mvi ya mi-fu-go. Ndani yake: u-nga wa mi-fu-pa. Na chu-mvi."

Jirani yangu akaangua kicheko cha peke yake huko nyuma.

Mgeni akasema, "Mama, unasoma vizuri."

"Mmenifundisha ninyi wenyewe, ndugu. Na kuhesabu mmenifundisha. Mifuko hii imeshuka jana. Ng'ombe kapona kwa siku moja?"

Mgeni akamgeukia bwana mifugo. Yule kijana angeweza kusema uongo, nafasi alikuwa nayo, na shemeji alikuwa akimkanyaga mguu chini ya meza, mimi nimeona. Akasema, "Hapana, ndugu. Huyu hakula mfuko huu. Mama alimtwangia mifupa mwenyewe. Mimi nilimwambia ampe pumba debe zima, na sasa nadhani angemuua." Soksi zake nikazisamehe.

"Kwa hiyo ng'ombe ni wa nani?" mgeni akauliza.

"Wangu."

"Na ana mimba?"

"Ya miezi minane."

Akamtazama shemeji kama mtu anayetazama nzi kwenye mchuzi. "Ninyi mnachinja ng'ombe mwenye mimba kunikaribisha mimi?"

Siku ile lilichinjwa dume la shemeji. Nyama yake ilikuwa ngumu kama ndara, tukala hivyohivyo. Watu walipomaliza kunyonya vidole nikapita na ungo nikaomba mifupa.

Mvua za kwanza zilimkuta ng'ombe wangu anazaa. Alizaa amelala, akasimama mwenyewe, akamlamba ndama hadi akakauka. Wapo ng'ombe waliozaa mwaka ule wakashindwa kuinuka tena, na wenye mali wakasema ni kijicho. Watoto wangu walikunywa maziwa mpaka mdogo akaota kitambi.

Mifuko ya mgeni iligawiwa kwa kufuata vyeo, ikaisha kabla mahindi hayajafika magotini. Wiki chache baadaye, saa nne za asubuhi, watu wote wako barazani, nikamwona shemeji anakuja na gunia begani. Anatembea katikati ya njia kwa sababu pembeni kuna matope. Akalitua mbele yangu, likalia kama kuni.

"Shikamoo, shemeji," akasema. Miaka yote ile hakuwahi kuniamkia.

"Marahaba."

"Ng'ombe wangu watatu hawainuki vizuri. Nimeleta mifupa. Nimeichoma mwenyewe."

Nikachukua mmoja nikauminya. Ulikuwa umeiva. Nikatoa kinu ndani nikakisimika uani, mahali ambapo kila apitaye njiani anaona, nikamkabidhi mchi.

Akautazama mchi, akanitazama mimi, akatazama njiani. "Shemeji, mimi ni mwanaume. Mimi ni mwenyekiti."

"Ng'ombe wako hawajui hayo."

Akatwanga. Jirani yangu akavuta kigoda akakaa kumtazama, akimenya karanga. Ndama akaja kunusa gunia. Baada ya muda shemeji, uso mweupe kama aliyechovywa kwenye unga, akapumzisha mchi akauliza kama inatosha. Nikaingiza mkono kwenye kinu, nikasugua kati ya vidole.

"Bado kuna chenga," nikamwambia. "Endelea."