Nerio na Radi ya Catatumbo

Nerio, kinyozi wa Ologá, kijiji cha nyumba za mbao juu ya ziwa karibu na mto Catatumbo, alipenda picha safi. Kila alipopiga picha ya usiku, kamera yake ilipiga nyingine ya giza tupu ya kulinganisha, ili kuondoa chenga, vile vidoadoa vya picha za gizani, na kwa muda huo ilikataa kupiga kitu kingine.

Usiku ule radi ilipasua anga juu ya ziwa mara tatu, kamera ikiwa bado inasafisha picha.

Mkewe, Maigualida, akamcheka. “Unangoja radi ikuombe ruhusa?”

“Subiri, inasafisha!”

“Si uzime huko kusafisha, bwana wee!”

Akazima, akapiga tena na tena. Radi ikachanua matawi kila upande. Nerio alipoiona pichani, aliruka mpaka sakafu ya mbao ikatikisika.

“Nimeinasa, Maigua! Ina chenga nyingi kuliko mchele wa dukani, lakini nimeinasa yote!”