Nyoka wa Odush Alivyoiva

Nilipokuwa mtoto pale Shauri Moyo, Nyanya aliniambia kwamba mimi ni mbichi. Hakulisema kwa ubaya. Kwetu wote walizaliwa weusi isipokuwa mimi, niliyetoka na ngozi nyeupe, nywele za rangi ya mahindi na macho yasiyotulia, yanayowaka wekundu kwenye mwanga. Nyanya, mamaye Mama, alikuwa na maelezo yake: nilitoka tumboni kabla ya kuiva. "Utaiva tu, mjukuu wangu," aliniambia kila akinipaka mafuta. "Umechelewa kidogo, basi." Watoto wa mtaani waliniita Mzungu, na wengine majina ambayo sitayaandika hapa. Ukilinganisha, mbichi lilikuwa jina la mapenzi, nami nililipenda. Nikiamka asubuhi nilitazama mikono yangu kwanza, kabla hata ya kunawa uso.

Mama hakutaka kusikia habari hizo. Aliuza mitumba sokoni Gikomba, na kila robota likifunguliwa alikuwa wa kwanza kuchomoa kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu, hata kama lilikuwa la mzee wa watu. Ndiyo maana katika picha zangu zote za utotoni naonekana kama mkulima mdogo anayekwenda kupalilia. Sheria yake ilikuwa moja tu: jua likiwa nje, kofia iko kichwani.

Kisha Odush akaleta nyoka. Odush alikuwa kijana wa jirani, fundi wa redio, aliyekaa katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mama yake. Mgeni mmoja ambaye Odush alikuwa akimfanyia kazi alihama nchi, akamwachia nyoka mchanga wa kufugwa ndani ya kasha la kioo, pamoja na balbu ya kumpasha joto. Mtaa mzima ulikimbilia kutazama, halafu mtaa mzima ukakimbia kurudi, maana nyoka mwenyewe alikuwa mweupe mwenye mabaka ya waridi, na macho yake mekundu. Nyanya alitoa hukumu papo hapo: nyoka mweupe si nyoka, ni jini. Kwetu, baada ya magharibi, nyoka hatajwi, asije akadhani anaitwa, husemwa "kamba". Kwa huyu, Nyanya alikataa jina hata saa sita mchana. Kwake ilikuwa ile kamba ya Odush, asubuhi hadi usiku.

Wenzangu walinivuta hadi mlangoni. "Zuu, kuja uone ndugu yako!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Niliinama kwenye kioo, nikaona macho yanayofanana na yangu, na hayo sikuwa nimeyaona popote ila kwenye kioo cha kujitazamia. Nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu hivi kwamba sikujua kama ni upweke mpaka siku ile. Tangu hapo, nikitoka shule, nilipitia kwa Odush kwanza.

Miaka ikapita. Nyoka alikula panya, akanenepa, akajivua gamba mara nyingi, na kila akitoka kwenye gamba la zamani rangi yake ilikuwa imekolea zaidi. Mabaka yakageuka ya machungwa. Shingo ikaanza umanjano, nao ukashuka hadi ubavuni. Alasiri moja nilimkuta Odush amemzungushia mkononi, anamtazama kwa fahari kama aliyemzaa yeye.

"Niaje, Zuu. Cheki huyu msee. Si ameiva?"

Moyo ulinilipuka. Kwa Odush kuiva kulikuwa kupendeza tu; hakujua lolote kuhusu neno letu la nyumbani. Nilimuuliza ni nini kilichomwivisha.

"Sijui. Labda ni hii balbu. Kazi ya huyu ni kuota joto tu, siku nzima."

Nilikimbia nyumbani bila kuaga. Nyanya alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote nikihema, naye akalitua sinia chini.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona, Nyanya. Alikuwa kama mimi. Sasa ana rangi."

"Basi tumekuwa tukikuficha na jua, kumbe ndilo dawa yako," akasema.

Kesho yake, Mama alipokwisha kwenda Gikomba, Nyanya alitandika mkeka uani. Alinivua kofia, akanivua shati, akanipaka mafuta ya nazi mgongoni na mabegani. Kisha akakaa kando yangu, leso kichwani, kwa sababu jua lile lilikuwa kali hata kwake. Alinisimulia vituko vya ujana wake. Kila nilipolalamika alinishika mkono. "Vumilia, mwanangu. Kuiva kunauma." Nikavumilia. Sijawahi kuvumilia kitu kwa furaha namna ile.

Mama aliporudi alinikuta nimelala kifudifudi, mabega yamefumuka malengelenge, mwili unawaka homa. Afadhali angepiga kelele. Alisema tu, "Mama, umemfanya nini mwanangu?" Nililazwa hospitali, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikuweza kuegemea kiti.

Nilipopona kiasi cha kuvaa shati nilikwenda kwa Odush. Nyoka alikuwa wa manjano zaidi kuliko nilivyomwacha. Niliinama palepale pa siku zote. Macho yalikuwa mekundu vilevile, kama siku ya kwanza. Nilitafuta alama nyeusi mwili mzima, kichwa hadi mkia, nisipate hata moja. Ukubwani nilisoma kwamba manjano yale alizaliwa nayo, yalichelewa tu kujitokeza, na kwamba weusi hakuwa nao wala hangekuwa nao hata angewashiwa balbu za mtaa mzima. Siku ile sikujua hayo. Nilijua macho tu, nikalia.

Nyanya alikuja kunitafuta. Alisimama mlangoni, yeye aliyekuwa hakanyagi uwanja wa Odush.

"Nyanya, macho hayajaiva," nikamwambia.

Akaingia. Akainama kando yangu, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni nyoka tu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Hakuniita mbichi tena. Yeye ndiye aliyekuwa akinikimbiza na kofia barabarani, hata nikiwa msichana mkubwa wa kuona haya. Mwaka jana nilitolewa kivimbe begani, palepale. Daktari aliuliza kama niliwahi kuungua utotoni. Nilijibu ndiyo, jua, na sikueleza zaidi. Nilimkasirikia Nyanya wakati mwingine, nakiri, na zaidi nililikasirikia lile neno. Jua liliniunguza siku moja. Neno lilinifanya nimngoje msichana mwingine, aliyeiva, utoto wangu wote, aje achukue nafasi yangu.

Nilipokwenda kumjulia hali, bandeji bado begani, Nyanya alikuwa haoni tena na mambo yalikuwa yamemchanganyikia. Alinipapasa uso, akashuka shingoni, vidole vikakoma kwenye bandeji.

"Zuu," akasema. "Umeshaiva?"

Mama, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, aliacha kukunja.

"Nimeiva, Nyanya," nikasema. "Zamani sana."

"Alhamdulillahi," akasema, akaondoa mkono wake begani. Nilibaki pale hadi alipolala, kisha nikavaa kofia yangu nikatoka.