Kopo la Tatu

Kila asubuhi, kabla ya chai, babu alikuwa anatia kipimo chake cha kioo, cha kupimia utamu wa bia, kwenye bilauri ya maji matupu. Kinaelea, kinacheza, kinatulia kwenye sifuri. "Bado hakijajifunza uongo," anasema, anakipangusa na kukirudisha ndani ya soksi. Alitengeneza mizani za madukani miaka thelathini na tano. Kitu kinachopima alikisalimia kabla ya watu.

Bia alikuwa anapika na bibi, jikoni kwao. Makopo matatu ya rojo la kimea, zito kama asali, yanachemshwa na maji kidogo, halafu maji baridi yanaongezwa mpaka ndoo ifike lita ishirini. Kipimo kikisoma arobaini na nane, ndipo hamira inatiwa. Bibi alifariki mwezi wa pili. Hii ilikuwa ndoo ya kwanza babu kuipika peke yake.

Mama, binti yake, alikuwa ameshamkuta mara mbili ameacha jiko linawaka chini ya sufuria tupu. Wakakubaliana: akisahau mara ya tatu, anahamia kwetu. Babu aliitikia kama mtu anayeng'olewa jino.

Siku hiyo tulimkuta amechota kikombe kutoka juu ya ndoo, ametumbukiza kipimo. Thelathini na mbili.

"Kopo moja hukutia, baba," mama akasema taratibu.

"Nimetia matatu."

"Yako wapi?"

Gari la taka lilikuwa limeshapita.

"Fundi halaumu mzigo kabla hajakagua mizani," babu akasema, akakitia kipimo kwenye maji matupu. Sifuri. Akakaa kwenye kigoda. "Basi mwongo ni mimi."

Akainuka, akasogeza beseni chini ya ndoo, akafungua bomba lake la chini ili amwage yote.

Kilichotoka kilikuwa cheusi, kizito, kinashuka kivivu.

"Funga!" akajipigia kelele mwenyewe, akafunga. Akakipima. Sabini na moja. Akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Utamu wote umelala chini! Juu maji tu!"

"Baba, kwani hukukoroga?"

"Mimi huwa sikorogi. Mimi namimina." Kicheko kikamwisha. "Anayekoroga ni mama yako."

Mwiko mrefu wa bibi ulikuwa juu ya kabati, umefungwa kitambaa vilevile alivyouacha. Babu akaufungua, akakoroga mpaka shati likamganda mgongoni. Akapima tena. Arobaini na nane, kwenye mstari kabisa.

Mama alikuwa anafuta macho kwa khanga. "Umeshinda, mzee. Baki na jiko lako, sitakusumbua tena."

Babu akatia hamira, akafunika ndoo. Akaifunga soksi yenye kipimo, akaitia mfuko wa koti.

"Akili ninayo," akasema. "Wa kukoroga ndiye sina."

Akanigeukia. "Bibi mdogo, kwenu kuna ndoo?"

"Ipo ya kufulia."

"Tutaisugua. Chukua mwiko."

Akavaa kofia, akatupita mlangoni bila kuulizia ufunguo. Kesho yake mimi na mama ndio tulioibeba ile ndoo ya bia kuileta kwetu. Yeye nyumba ile hakuikanyaga tena.