Bonjour ya Waya wa Nguo

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule Bwera, mwanangu, na tangu uliponipigia simu juzi haijaniacha. Inanijia nikichambua maharage, inanijia hata kanisani padri akihubiri. Uliniambia ukicheka kwamba wapangaji wako hapo Kasese wanasema mlango wa chuma wa duka la kona unatekenya mkono mvua ikinyesha. Mimi sikucheka.

Siku zile tulipanga kwenye safu ya vyumba karibu na njia ya mpakani, ya kwenda Kongo. Umeme ulikuwa bado mgeni kwetu, na tuliupokea vile mgeni anavyopokewa, bila kumuuliza maswali. Baba yako alishinda Katwe akichimba chumvi, mimi nabaki na wewe, ndiyo kwanza unaanza kutembea, miguu mitupu, hushikiki. Kwenye bati la nyumba tulifunga waya wa kuanikia nguo, ukavuka ua mzima. Ukungu ukishuka kutoka mlimani ulikuwa huoni waya, huoni ukuta, unaona vitenge tu vinaelea polepole, rangi bila mtu. Hadi leo nikifumba macho naviona.

Sasa, waya ule ulikuwa unauma. Si sana. Mikono ikiwa na maji unakushika kidogo vidoleni, halafu unakuachia. Aliyeubatiza ni Mama Kavira, jirani yetu wa kutoka Butembo aliyekuwa na friji akiuza soda dirishani. Alisema iko inapiga bonjour, salamu ya Kifaransa ya kwao Kongo, na ua mzima tukalichukua jina hilo. Tukazoea kuanika na kandambili miguuni. Mgeni akiguswa akaruka, tunacheka mpaka machozi. Mwenye nyumba, aliyewahi kuwa askari na bado tukimwita Afande, alituambia ni baridi ya mvua tu. Tena akatuonya tusilete mtu wa kukagua, maana watu wa umeme wakija watakata. Tulimwamini kwa sababu tulitaka kumwamini.

Ndipo bibi yako, mama wa baba yako, akashuka kutoka Bwesumbu, kule mlimani, kuja kukuona. Kwao walikuwa wakiwasha taa ya mafuta. Asubuhi ile ya ukungu akafua kitenge chake, akaenda kukianika bila viatu. Waya ukamshika. Alirudi nyuma akakaa kwenye matope, na sisi, Mungu atusamehe, tukaangua kicheko. Yeye aliutazama mkono wake kwa muda. Halafu akakuona wewe unakuja mbio kudaka pindo la kile kitenge, lilikuwa linaning'inia na kuchuruzika maji. Alikukamata kiunoni kabla hujafika.

"Kitu inauma mutu, nyinyi munaipa jina ya salamu?" alituuliza. "Na huyu mutoto, itamusalimia namna gani?"

Akaingia ndani, akatoka na kigoda, mwavuli na fimbo, akakaa katikati ya ua. Mtoto akisogea anafukuzwa, kuku akisogea anafukuzwa. Afande akaja kumwamuru asimame. Bibi yako akamjibu kwa upole kwamba atasimama fundi akifika. Mama Kavira naye akamsihi, akasema umeme ukikatwa soda zake zitakuwa za moto, na watoto wake watakula nini? Hapo niliumia, maana alikuwa anasema kweli. Lakini bibi yako alimshika tu mkono akamwambia watoto wake nao wanapita chini ya waya huo huo.

Mvua ikaanza. Kutoka mlangoni nilimwona akififia humo kwenye ukungu, mwavuli mweusi umetulia, nikahisi naota. Wapita njia wa sokoni walianza kuchungulia na kuuliza kuna msiba gani. Afande akaona aibu, akamtuma mtu kuleta fundi.

Fundi alitaka swichi kubwa izimwe kwanza. Kumbe ilikuwa chumbani kwa Afande, imefungiwa kwa kufuli, na ufunguo ukatafutwa mpaka tukachoka. Alipopanda juu akakuta ncha ya bati imekata ngozi ya waya wa umeme, na waya wetu wa nguo umefungwa kwenye msumari wa bati hilo hilo. Na ule waya wa kupeleka umeme ardhini kukitokea hitilafu haukuwekwa kabisa. Akashuka, akauliza nani ana mtoto kwenye nyumba hii. Nikainua mkono, Mama Kavira naye akainua wake.

"Mushukuru huyu muzee," alisema, akaenda kunawa.

Tulikaa gizani hadi kazi ilipokwisha. Mama Kavira aliuza soda za moto, watu wakanunua huku wakinung'unika. Na wewe ulikimbia chini ya nguo utakavyo.

Kwa hiyo nisikilize. Funga duka hilo leo, zima umeme wake, mwite fundi mwenye leseni. Usimfagilie nyumba kama unapokea mgeni, mwache aione ilivyo: juu ya dari, nyuma ya friji, kila soketi iliyoungua. Akisema kitu kitolewe, kitolewe. Swichi kubwa iwe mahali kila mpangaji anapofika. Na usimwite mara moja ukasahau, mvua zetu hizi zinakula nyumba kimya kimya. Mpangaji akikwambia kitu kinamtekenya, usicheke naye.

Kigoda cha bibi yako ninacho bado. Jumapili ikifika hujamwita fundi, nitapanda taksi nije nikikalie mbele ya huo mlango wako wa chuma na mwavuli wangu, wateja wapite wapi wanajua wenyewe. Unanifahamu.

Mungu akulinde, Baluku wangu, wewe na kila anayelala chini ya bati lako. Na watoto wao washike milango yako kwa mikono iliyolowa mvua, wasisikie kitu ila baridi.