Picha Iliyomkata Dada

Mteja akija na kompyuta akaniambia "hii haina tatizo kubwa, ni kitu kidogo tu," huwa naanza kukasirika kabla hata sijaishika. Printa iliyokufa naijua. Kioo kilichopasuka nakijua. Lakini hicho "kitu kidogo" utakaa nacho tangu asubuhi, mteja amekuegemea begani anakupumulia shingoni, na mwisho wake anakuuliza kwani na hicho nacho kinalipiwa.

Kwa hiyo Baba Pacha alipoingia dukani kwangu na laptop iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kochi, akasema ni kitu kidogo tu, nilimsogezea stuli nikamwambia akae, ila asinipumulie.

Baba Pacha ni fundi makochi. Karakana yake na duka langu ni ukuta kwa ukuta. Mimi natoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti upande huu, yeye anagongelea misumari upande ule, na tumeshazoeana kiasi kwamba nyundo yake ikinyamaza muda mrefu najiuliza kama anaumwa. Mtu mpole, mkimya, ananuka gundi hata siku ya mapumziko. Hana ugomvi na mtu ila kwenye jambo moja tu: maua. Mpelekee kitambaa chenye maua, hatakata mpaka ahakikishe kila mto ua lake limekaa katikati kabisa. Kitambaa kitapotea, mteja atalalamika, yeye anatikisa kichwa tu na kupima upya. Anasema kochi lenye ua pembeni linamwaibisha fundi hata mbele ya wageni wasiomjua. Tumemcheka sana kwa hilo. Jina alipewa na wanawe wawili pacha, na kwa jinsi walivyo watundu, jina amelitolea jasho.

Ile kompyuta alikuwa ameinunua kwa mtu, imeshatumika. Akaniambia ni zawadi ya Dada, ambaye Jumatatu anaondoka kwenda chuo cha uuguzi na atakaa huko huko bwenini. Nikamwambia vizuri sana, Mungu akuzidishie. Moyoni niliishangaa zawadi kubwa hivyo. Dada nilikuwa namjua: yule binti mwembamba wa pale kwake, anayekuja kutoa kopi za karatasi za shule za wale pacha, anayewapeleka asubuhi na kuwarudisha mchana mmoja kamshika mkono, mwingine kamkamata kwa kola. Pale nyumbani kila mtu anamwita Dada, kuanzia watoto mpaka Mama Pacha. Na yeye akitumwa kwangu husema, "Shikamoo Shangazi, Baba Pacha anaomba gundi yake ya karatasi uliyoazima." Sasa niambieni. Binti anayeitwa Dada, anayefua, anayebeba, anayemwita mwenye nyumba Baba Pacha kama tunavyomwita sisi majirani, mngesema ni nani? Mimi nilisema ni dada wa kazi. Sikumuuliza mtu. Niliona nimeshaelewa.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Ukiwasha ile kompyuta, kabla ya kuandika neno la siri, linatokea duara, na ndani ya duara kuna picha ya mwenye kompyuta. Mle duarani alikuwa amekaa mwanamume mwenye kitambi, kakumbatia samaki mkubwa, anacheka meno yote nje. Ndiye aliyeiuza. Baba Pacha alikuwa ameshamtoa, akaweka picha ya familia yake. Akizima na kuwasha, Bwana Samaki huyo hapo. Amtoe tena, huyo hapo. Pacha walikuwa wamecheka mpaka wakashikwa na kwikwi. Yeye hakuona la kuchekesha.

"Nataka akiwasha huko aone kwao," akaniambia. "Ajue ana watu."

Hilo la Bwana Samaki lilikuwa jepesi. Kompyuta ilikuwa bado imeunganishwa na barua pepe yake huyo muuzaji, kwa hiyo kila ikinusa intaneti inakwenda kuichukua picha yake na kuirudisha. Nikamwambia Baba Pacha: umenunua nyumba, lakini mwenyewe wa zamani bado anatembea na ufunguo. Nikafungua akaunti mpya, nikaifuta ile ya zamani. Nikamuuliza hii mpya niiandike jina gani, akasema andika Dada. Nikaandika Dada. Nikazima, nikawasha. Bwana Samaki kwaheri.

Kisha akanipa simu yake, nikaitoa ile picha ya familia. Ilikuwa ya siku ya kuzaliwa ya pacha: yeye na mkewe wamekaa kwenye kochi lililotoka mikononi mwake mwenyewe, pacha mbele yao wamejipaka keki mpaka masikioni. Nikaiweka. Duara likawakamata wote wanne vizuri kabisa. Mimi nikafurahi, kazi imekwisha. Baba Pacha akainama karibu na skrini, akaweka kidole pembeni ya duara, mahali pasipokuwa na mtu.

"Hapa kulikuwa na Dada," akasema. "Mbona simwoni?"

Nikamweleza kwamba duara linachukua katikati tu, walio pembeni linawaacha. Nikalisogeza duara kulia. Dada akachungulia, akatoka Baba Pacha na pacha mmoja. Nikaipunguza picha ili wote waenee, vichwa vikawa kama punje za mchele, humjui baba wala mama. Nikalirudisha, nikalisogeza tena. Nje kulikuwa na mteja anataka kopi za kitambulisho na anagonga meza kwa funguo zake. Na mimi nikichoka, mdomo wangu haukai ndani.

"Baba Pacha, mbona unajitesa?" nikamwambia. "Familia yako yote imeingia. Huyo dada wa kazi atashukuru kupata kompyuta, hatakagua yeye yuko wapi."

Laiti angenikasirikia. Mtu akinikasirikia najua la kumjibu. Yeye alikirudisha tu kidole chake pembeni ya duara.

"Dada ni mtoto wa kaka yangu," akasema.

Sikuwa na pa kuweka uso. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta kibodi ambayo haikuwa na vumbi. Nikamhudumia yule wa kitambulisho, nikampa kopi nyingi kuliko alizoomba, akaondoka. Baba Pacha akaanza kueleza, nami sikuwa nimemuuliza. Kwamba kaka yake mkubwa na shemeji yake walifariki mmoja baada ya mwingine. Kwamba huyo mtoto aliletwa kwake akiwa bado anatembea kwa kushika suruali yake, pacha hata hawajafikiriwa. Kwamba hajawahi kumpiga, hajawahi kumkosesha shule, alichokula yeye ndicho alichokula mtoto. Pacha walipoanza kusema walimwita dada, kama inavyotakiwa, maana ni dada yao. Mama yao naye akalizoea. Naye Baba Pacha mwenyewe akalizoea. Mtaa mzima ukafuata. Alikuwa anajitetea, masikini, na hakuna aliyemshtaki zaidi ya mdomo wangu, ambao ulikuwa umeshafanya kazi yake.

"Zamani alikuwa ananiita Baba Mdogo," akasema. "Sijui aliacha lini."

Aibu yangu ilinipa haraka ya kutengeneza mambo. Nikamwambia tusihangaike na duara, kuna ile picha kubwa ya nyuma inayojaza skrini nzima, tuiweke huko, Dada ataonekana. Nikaiweka. Picha ikajaa kioo, kubwa, inang'aa, na sasa kila kitu kikawa wazi kuliko tulivyotaka. Dada hakuwa amesimama nao. Alikuwa anapita. Mkononi alikuwa na jagi, uso umeelekea jikoni, na picha yenyewe ilikuwa imemkatia sikioni. Baba Pacha tangu ilipopigwa alikuwa akiiona hiyo picha kwenye simu, ndogo, na kichwani mwake aliamini kwamba Dada amesimama pale pamoja nao.

Akachukua simu yake akasema kuna nyingine. Ziko nyingi, akasema, tunapiga sana picha sisi. Tukaanza kutafuta. Pacha wanaanza shule, viatu vipya. Pacha wameng'oka meno. Mama Pacha na gauni la harusi ya mdogo wake. Baba Pacha na kochi la hoteli, lile alilojivunia mwaka mzima. Ufukweni, sokoni, mlangoni kwao. Akawa anapitisha kidole taratibu, halafu haraka, halafu taratibu tena. Dada hakuwemo.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa kuwa kazi yangu ni picha. Kwenye ile ya mlangoni, chini kwenye sakafu, kulikuwa na kivuli kirefu chembamba, viwiko vimeinuliwa. Nikamwonyesha. Akarudi nyuma kwenye ile ya gauni: kwenye kioo cha kabati, nyuma ya Mama Pacha, msichana ameshika simu usoni. Hizo zote alikuwa amezipiga Dada. Ndiyo maana zilikuwa nzuri, hakuna aliyefumba macho, hakuna aliyekatwa kichwa.

Nikakumbuka kwamba mimi ninayo moja. Nikafungua kompyuta yangu ya kazini, kwenye picha za pasipoti, nikamtoa: Dada, kitambaa cheupe nyuma, masikio yote mawili nje, hacheki, maana hizo hazitaki mtu acheke. Alikuja kupiga kwa ajili ya maombi ya chuo. Alikuwa katikati kabisa.

"Maua ya makochi ya watu," akasema Baba Pacha, "ndiyo nayapima." Akaifunika kompyuta kwa kile kitambaa chake, na hakunitazama alipokuwa anatoka. Akaniambia kwa mgongo kwamba Jumamosi atawaleta wote.

Jumamosi wakaja. Nilikuwa nimepanga stuli, moja mbele katikati, nyingine kando, na kitambaa cheupe nimekipiga pasi. Mama Pacha akaingia, akaikalia ile ya katikati kama mtu anavyokaa kwake. Pacha wakaanza kugombania upande. Dada akaingia wa mwisho, akaniamkia, akaweka mkoba chini, kisha akaninyooshea mkono.

"Nipe kamera, Shangazi, niwapige. Wewe umezoea za pasipoti, utawakata miguu."

Alikuwa anatania, na utani wake ulikuwa mzuri, na hakuna aliyecheka. Baba Pacha akamwambia mkewe kwa sauti ya chini ahame. Mama Pacha akafungua mdomo, ni mwanamke wa kujibu yule, kisha akautazama ule mkono wa Dada ulionyooshwa unangoja kamera. Akasimama. Akaifuta ile stuli kwa kiganja chake, ingawa ilikuwa safi, akasema, "Kaa hapa, mwanangu," na macho yake yalikuwa kwenye stuli.

Dada akakaa kama mtu aliyeitwa ofisini. Hakujua mikono aiweke wapi, akaushika mmoja kwa mwingine. Mara mbili aliteleza kuelekea pembeni, mara mbili Mama Pacha aliyesimama nyuma yake akamrudisha kwa mabega. Pacha huku na huku. Baba Pacha akaenda kusimama mwisho kabisa, ukingoni mwa kitambaa. Nikamwambia asogee ndani, duara litamkata.

"Piga hivyo hivyo," akasema.

Nikapiga. Nikaiweka kwenye kompyuta yao, na kweli duara likamkata: Dada katikati, pacha wote wawili, Mama Pacha nyuma, na pembeni pale bega moja na nusu ya uso wa fundi makochi. Nilipomwonyesha akasema nisiguse kitu tena.

Jioni Dada alikuja kuichukua kompyuta waliyoniachia, peke yake, mizigo keshafunga. Upande wa pili wa ukuta nyundo ilikuwa inagonga. Kulikuwa na kochi la mtu la kumalizia. Nikawasha ili aone mwenyewe. Duara likatokea, na chini yake jina. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nimeweka na karatasi laini karibu. Hakulia. Aliinama karibu na kioo, kama baba yake mdogo alivyoinama, akaweka kidole kwenye ukingo wa duara.

"Shangazi, hapa kuna kosa," akasema. "Baba Mdogo amekatwa. Nisogeze mimi pembeni kidogo, aingie."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ukuta wetu ni mwembamba. Nyundo ikanyamaza.

Nikamwambia kompyuta imekataa, picha ikishawekwa ndiyo imewekwa. Kazi hii nimeifanya muda mrefu na wateja nimewagombeza sana, ila kabla ya jioni hiyo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mashine imekataa hali haijakataa. Akasema basi, asante, akaibeba kifuani na kile kitambaa chake cha kochi, akatoka. Nikakaa nikisubiri nyundo ianze tena. Nilifunga duka bado haijaanza.